TRENI INAYOPITA CHINI YA NYUMBA ZA WATU

Ndugu msomaji, bila shaka unamjua fuko. Ni mnyama mdogo anayetusumbua katika mashamba ya viazi na mihogo. Kumwona ni shida. Tunachoona ni vifusi vidogo vya udongo juu ya ardhi. Lakini huko chini ana njia zake. Ana njia kuu, ana vijia, ana mahali pa kulala na mahali pa kuweka chakula. Anatoka upande huu wa shamba mpaka upande ule, na wewe umesimama juu yake na jembe lako, huna habari.

Leo nataka kukueleza juu ya mji ambao watu wake husafiri kama fuko. Mji huo ni London, mji mkuu wa Uingereza. Chini ya barabara, chini ya maduka, chini ya nyumba, na hata chini ya mto mkubwa wa Thames, kuna reli. Treni zinapita humo tangu alfajiri mpaka usiku wa manane. Mtu anashuka ngazi, anaingia katika treni chini ya ardhi, na baada ya dakika chache anapanda ngazi nyingine. Kumbe amekwisha fika upande mwingine wa mji.

Reli ya namna hii huitwa metro. Siku hizi miji mingi mikubwa duniani inayo. Mji wa Cairo, huko Misri, ulifungua metro yake mwaka 1987, nayo ilikuwa ya kwanza katika Afrika. Lakini ya kwanza kabisa duniani ni ya London. Ilifunguliwa tarehe 10 Januari, 1863. Hata neno lenyewe "metro" asili yake ni huko. Kampuni iliyojenga reli ile iliitwa Metropolitan Railway. Wafaransa wa mji wa Paris walipofungua reli yao mwaka 1900 waliipa jina linalofanana na hilo, kisha wakalifupisha.

Pengine utauliza: Mimi ni mkulima, treni za London zinanihusu nini? Subiri kidogo. Ndani ya habari hii wamo watu waliobomolewa nyumba. Wamo vibarua wenye sururu. Yamo maziwa, imo nyama, na umo ugomvi wa nauli. Mambo hayo sote tunayajua.

KWA NINI WALIKWENDA CHINI

Mwaka 1861 London ilikuwa na watu wanaokaribia milioni 2 na laki 8. Wakati ule hapakuwa na magari ya petroli. Watu wengi walitembea kwa miguu. Mwenye fedha kidogo alipanda gari la kuvutwa na farasi. Mizigo yote, kama makaa, unga, mbao na matofali, ilibebwa na mikokoteni ya farasi. Barabara za katikati ya mji zilikuwa nyembamba. Mpaka mwaka 1855 hata ng'ombe na kondoo wa kuuzwa waliswagwa kupita katikati ya mji mpaka kwenye mnada wa Smithfield. Wewe unayeswaga mifugo unajua kazi hiyo. Sasa fikiri kuwaswaga ng'ombe katikati ya maduka na mikokoteni, na watu maelfu wanakuja mbele yako.

Treni zilikuwapo tayari. Zilitoka katika miji mingine kuja London. Lakini nyingi zilikomea pembeni mwa mji, katika stesheni kama Paddington na King's Cross. Serikali haikutaka reli zipasue katikati ya mji na kubomoa majengo. Basi msafiri aliweza kutoka mji wa mbali kwa saa chache, halafu akahangaika na foleni ya mikokoteni kabla ya kufika alikotaka kwenda.

Katika mji huo aliishi bwana mmoja jina lake Charles Pearson. Alikuwa mwanasheria wa Halmashauri ya Jiji la London. Yeye hakutazama mikokoteni tu. Alitazama mahali ambapo maskini walilala. Watu wa vibarua walibanana karibu na kazi zao, maana hawakuweza kutembea mbali asubuhi na jioni. Familia nzima ilikaa katika chumba kimoja. Choo kimoja kilitumiwa na nyumba nyingi. Magonjwa yalipoingia, yalipita mlango kwa mlango.

Pearson alisema hivi: tukiwa na treni ya nauli ndogo, mfanyakazi anaweza kukaa nje ya mji, mahali penye hewa safi na bustani, akaja kazini kila siku na kurudi kwake jioni. Na kwa kuwa juu hapana nafasi, treni ipite chini. Alianza kusema maneno hayo katika miaka ya 1840. Watu wengine walimcheka. Wengine waliogopa kwamba nyumba zitatumbukia. Pearson hakunyamaza.

Mwaka 1854 Bunge la Uingereza liliruhusu reli hiyo ijengwe. Lakini ruhusa si fedha. Miaka ilipita bila kazi kuanza. Mwaka 1859 Pearson aliishawishi Halmashauri yake itoe pauni 200,000. Ndipo mambo yakaenda, na mwaka 1860 vibarua wakaanza kuchimba.

WALICHIMBA NAMNA GANI

Usidhani kwamba walitoboa kama fuko. Hapana, reli hii ya kwanza haikutobolewa. Mhandisi wake, John Fowler, alitumia njia rahisi. Waliifunga barabara, wakaifukua. Wakachimba mtaro mkubwa wenye upana wa kutosha treni mbili kupishana. Kila upande wakajenga ukuta wa matofali. Juu wakajenga dari la matofali lenye umbo la upinde. Kisha wakafukia kwa udongo na kutengeneza tena barabara juu yake. Ni kama kujenga shimo la choo na kulifunika, isipokuwa shimo hili lilikuwa na urefu wa karibu kilomita 6.

Kwa nini walifuata barabara? Sababu ni fedha. Chini ya barabara hakuna nyumba ya mtu, kwa hiyo hakuna wa kulipwa. Lakini si njia yote iliyokuwa na barabara ya kufuata. Upande wa mashariki, kuelekea Farringdon, reli ilipita katika bonde la mto Fleet. Huko walikaa maskini wengi. Nyumba zao zilibomolewa, na maelfu ya watu waliondolewa.

Hapa naomba usome polepole. Wenye nyumba walilipwa fidia. Wapangaji waliolipa kodi kwa wiki hawakuwa na haki ya kulipwa. Walipewa notisi, wakafunga mizigo yao. Walikwenda wapi? Hawakwenda kwenye hewa safi na bustani. Reli ilikuwa bado haijajengwa, na kazi zao zilikuwa pale pale. Walihamia mitaa ya jirani ambayo ilikuwa imejaa tayari, wakabanana zaidi. Kasisi mmoja wa huko, William Denton, aliandika kijitabu mwaka 1861 kupinga jambo hili. Kwa hiyo reli iliyofikiriwa kwa ajili ya maskini ilianza kwa kuwavunjia maskini nyumba. Pearson mwenyewe kwa miaka mingi alikuwa ametaka bonde lile lisafishwe. Sidhani kwamba alikuwa mtu mbaya. Lakini aliyekuwa akikunja godoro lake asubuhi ile asingefarijika kuambiwa hivyo.

Mto Fleet nao ulileta taabu. Zamani ulikuwa mto wa kweli. Mji ulipokua, watu waliugeuza kuwa mfereji wa maji machafu, wakaufunika. Mwezi Juni mwaka 1862 ukuta wa mfereji ule ulishindwa. Maji yenye vinyesi yalipasua, yakaingia katika handaki jipya, yakajaa kufika kimo cha mita 3. Kazi ya miezi iliharibika. Mkulima aliyelima mabondeni anajua jambo hili: unaweza kuufunika mto, ukajenga juu yake, ukausahau, lakini maji hayasahau njia yake.

Mwezi Septemba mwaka huo huo Charles Pearson alifariki. Ilibaki miezi minne tu reli ifunguliwe. Hakupata kuipanda.

SIKU YA KWANZA

Siku moja kabla ya kufunguliwa, wakubwa walifanya karamu katika stesheni ya Farringdon. Waziri Mkuu wa Uingereza wakati ule, Lord Palmerston, alialikwa. Alikuwa mzee wa miaka 78. Inasimuliwa kwamba alikataa kwenda, akasema kwamba kwa umri wake anapendelea kubaki juu ya ardhi kwa muda wote atakaoweza.

Kesho yake watu wa kawaida waliruhusiwa. Walikuja kwa wingi mno. Siku hiyo moja walisafiri watu wapatao 38,000 kati ya Paddington na Farringdon. Stesheni zilikuwa 7 tu. Katika mwaka wa kwanza reli ile ilibeba abiria milioni 9 na nusu. Waliocheka waliacha kucheka.

Lakini kulikuwa na moshi. Kumbuka kwamba umeme wa kuendesha treni ulikuwa bado. Injini zilitumia moto na mvuke, ndani ya handaki! Wahandisi walijaribu kupunguza taabu hiyo. Unajua kwamba mvuke wa sufuria ukigusa kifuniko cha baridi hugeuka kuwa maji. Basi injini zile ziliupeleka mvuke wake katika tangi la maji baridi badala ya kuutoa nje. Lakini maji ya tangi yalipopata moto, mvuke ulikataa kugeuka. Na moshi wa moto wenyewe ulibaki humo humo. Mabehewa yalikuwa na taa za gesi, nazo zikaongeza joto. Abiria walikohoa, macho yakawawasha. Wapo watu wa kampuni waliodai kwamba hewa ile inawafaa wagonjwa wa pumu. Mama yeyote anayepika katika jiko lisilo na dirisha angeweza kuwajibu. Baadaye yalitobolewa matundu barabarani ili moshi utoke. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 40, mpaka treni za umeme zilipoanza katika reli hiyo mwaka 1905.

UGOMVI WA NAULI

Sasa turudi kwenye ahadi ya Pearson. Je, maskini walipanda?

Mwanzoni nauli ya daraja la tatu, ambalo ndilo la chini, ilikuwa peni 3 kwa kwenda tu. Kibarua hakuweza kulipa hivyo kila siku, kwenda na kurudi, halafu akabaki na fedha ya chakula. Mwaka 1864 kampuni ilianza treni za wafanyakazi. Nauli yake ilikuwa peni 3 kwa kwenda na kurudi. Lakini treni hizo ziliondoka kabla ya saa 12 asubuhi. Kama kazi yako inaanza saa 2, ungekaa mlangoni kwa tajiri wako ukingoje afungue. Hata hivyo watu walizipanda. Walizihitaji. Mwaka 1883 Bunge lilipitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni za reli kuweka treni za namna hiyo panapohitajika.

Hivyo baadhi ya wafanyakazi walihama kweli, wakaenda kukaa pembeni mwa mji. Hao ni wale wenye kazi ya kudumu na mshahara wa kila wiki. Kibarua wa bandarini, ambaye hajui kama kesho ataitwa au hataitwa, hakuweza kuhama. Ilimpasa awe getini mapema kila asubuhi. Yeye alibaki katika chumba chake kimoja.

MAZIWA, NYAMA NA MAJANI MAKAVU

Sisi mabwana shamba tukisoma habari za reli tunatafuta kwanza mazao. Yamo.

Unakumbuka mnada wa Smithfield, ambako ng'ombe waliswagwa katikati ya mji? Mifugo hai ilihamishiwa nje mwaka 1855. Mahali pale pakajengwa soko kubwa la nyama, lililofunguliwa mwaka 1868. Chini ya soko waliweka stesheni ya mizigo iliyounganishwa na reli ile ya chini. Nyama ilifika kwa treni chini ya ardhi, ikapandishwa moja kwa moja mpaka sokoni. Barabara zikapumua.

Halafu kampuni ya Metropolitan ilianza kuipeleka reli yake mbali, nje ya mji, ikipita juu ya ardhi kama reli nyingine. Mwaka 1880 ilifika Harrow. Mwaka 1892 ilifika Aylesbury, mji wa katikati ya mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Maziwa yalipakiwa katika makopo makubwa ya chuma, yakafika London yangali mabichi. Mfugaji aliyekuwa na soko la kijijini tu alipata soko la watu mamilioni.

Wakulima wa karibu na mji mambo yao yalikwenda kwa njia nyingine. Wengi wao walikuwa wakilima majani na kuyakausha, kisha wakayauza kwa ajili ya farasi wa London. Ilikuwa biashara nzuri. Magari ya petroli yalipowaondoa farasi, nani angenunua majani makavu? Wakati huo huo kampuni ya reli ilikuwa na ardhi kando ya njia yake. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 iliijengea nyumba na kuziuza. Ilitangaza kwamba ukinunua nyumba huku utapata hewa safi na bustani, na treni ya kukupeleka kazini. Maneno karibu yale yale ya Pearson! Lakini wanunuzi hawakuwa vibarua wa bonde la Fleet. Walikuwa makarani na watu wenye mishahara mizuri. Mashamba ya majani ya Wembley, Harrow na Pinner yakawa mitaa ya nyumba, na mpaka leo ni mitaa.

KUTOBOA KAMA FUKO

Nilisema reli ya kwanza ilifukuliwa na kufunikwa. Reli zilizofuata baadaye zilitobolewa kweli, chini sana, bila kufukua barabara. Walijifunza wapi?

Kuna mdudu wa baharini anayetoboa mbao za majahazi. Watu wa pwani wanamjua vizuri kwa hasara zake. Mdudu huyu ana magamba magumu kichwani ya kukwangulia mbao, na huku nyuma anapaka tundu lake kitu kigumu ili lisimbane. Mhandisi mmoja, Marc Brunel, aliifuata akili hiyo. Alitengeneza kinga kubwa ya chuma yenye vyumba vidogo vidogo. Katika kila chumba alisimama mchimbaji mmoja. Walichimba mbele kidogo, kinga ikasukumwa mbele, na nyuma yao waashi wakajenga matofali haraka kabla udongo haujaanguka. Kwa kinga hiyo alitoboa chini ya mto Thames. Alianza mwaka 1825, akamaliza mwaka 1843. Mto uliwaingilia mara kadhaa. Mwezi Januari mwaka 1828 maji yaliua wachimbaji sita.

Miaka mingi baadaye James Henry Greathead alitengeneza kinga bora zaidi, ya duara. Kwa kinga hiyo ilijengwa reli ya chini sana iliyofunguliwa mwaka 1890. Hiyo ilitumia umeme tangu mwanzo, maana kule chini moshi ungewaua watu. Mabehewa yake yalikuwa na vidirisha vyembamba tu juu, kwa kuwa wajenzi walidhani gizani hakuna cha kutazama. Abiria hawakupenda. Walijiona kama wamefungiwa.

Na udongo nao ulisaidia. Chini ya London, hasa kaskazini mwa mto, kuna tabaka nene la udongo wa mfinyanzi. Udongo huu unakatika vizuri, unasimama kwa muda bila kuanguka, na haupitishi maji kwa urahisi. Kusini mwa mto kuna mahali pengi penye changarawe na mchanga uliojaa maji. Ndiyo sababu moja ya reli nyingi za chini kuwa kaskazini. Mfinyanzi ule unaotuchosha mvua zikinyesha, kwao ulikuwa bahati.

Njia hizo za chini sana zilikuja kuwafaa watu kwa jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mwaka 1940 ndege za Wajerumani zilipoanza kuipiga London kwa mabomu kila usiku, watu walikimbilia stesheni za chini. Serikali mwanzoni ilikataa. Watu walikata tiketi za bei ndogo, wakashuka na mablanketi na watoto wao, wakakataa kutoka. Mwishowe serikali ikakubali, ikaweka vitanda na vyoo.

Leo metro ya London ina njia 11 na stesheni 272. Urefu wake wote ni kilomita zipatazo 400, na zaidi ya nusu ya hizo zinapita juu ya ardhi, si chini. Kipande kile cha kwanza, cha Paddington mpaka Farringdon, kinatumika mpaka sasa. Ukishuka katika stesheni ya Baker Street utaona matofali yake ya zamani, na matundu makubwa yaliyoelekezwa juu kuleta mwanga na kutoa moshi.

Mwezi Januari mwaka 2013 reli hiyo ilitimiza miaka 150. Kwa ajili ya sherehe ilitolewa injini ya mvuke iliyojengwa mwaka 1898, ikafungwa mabehewa ya zamani, ikapita tena katika mahandaki yale. Tiketi ziliuzwa kwa bei kubwa. Stesheni zilijaa watu waliokuja kuitazama tu. Injini ilipoingia Baker Street moshi ulijaa mpaka darini, nao wakasimama humo wakipiga picha, wakikohoa na kucheka.